Hesabu ya Mali Yangu

Kwa muda mrefu niliamini kuwa ndugu yangu mdogo ndiye aliyenifukarisha. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huko Kivaa, na kila mwisho wa mwezi, mshahara ulipoingia, yeye hakukosa haja: leo dawa ya mbuzi, kesho nauli ya Matuu. Msimu mmoja mvua ilikatika na ndengu zikakauka kabla ya kutia maganda, akaja tena. Nilimwita kupe mbele ya mama yetu. Aliinuka, akaaga kwa adabu, akaenda zake. Na kwa miezi minne hakukanyaga ua wangu.

Katika miezi hiyo niliona ajabu. Haja zake zilikoma, lakini mfuko wangu haukunenepa.

Mwalimu mwenzangu alinitilia katika kompyuta programu iitwayo GnuCash, ambayo hutolewa bure. Humo kila shilingi huandikwa mara mbili: mahali ilikotoka na mahali ilikokwenda. Kanuni hiyo ni kongwe. Luca Pacioli aliieleza katika kitabu kilichopigwa chapa Venice mwaka 1494, wala programu haikuongeza ila wepesi. Kumbukumbu nazo hazikunitaabisha. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, simu imekuwa karani asiyelala. Niliomba taarifa ya mwaka mzima, nikakesha siku tatu nikiinakili.

Ndugu yangu alikuwa amepokea shilingi 4,200. Nilijumlisha tena, nikidhani nimeruka mstari. Kisha nikajumlisha ada za mikopo ya simu. Mara kumi katika mwaka ule nilikopa shilingi 10,000 kwa siku thelathini, na kila mara ada ilikuwa asilimia 7.5. Ada tupu zilifika shilingi 7,500! Kila moja ilipokatwa, shilingi 750, niliiona ndogo, kama punje idondokayo ghalani.

Ukurasa wa mali na madeni ulinitia haya zaidi. Nilikuwa na mbuzi 11, niliowakadiria shilingi 6,000 kila mmoja. Mama alicheka aliposikia kuwa nimemtia bei moja mbuzi mwenye mimba na beberu mzee, na alikuwa na haki. Shamba la marehemu baba sikuliandika, maana halijagawanywa. Akiba yangu chamani ilikuwa shilingi 48,500, na simuni 1,200. Jumla ya mali ikawa 115,700. Upande wa pili, deni la chama lilikuwa 92,000, la duka 14,300, na mkopo wa mwisho wa simu pamoja na ada yake 10,750: jumla 117,050. Mali kasoro madeni, nilipungukiwa na shilingi 1,350. Kijana anichungiaye mbuzi, asiyedaiwa na mtu, alinizidi utajiri.

Asubuhi nilichukua karatasi, nikamfuata ndugu yangu ng'ambo ya korongo. Sikuwa na maneno. Nilimpa tu asome. Alisoma polepole, kidole mstarini.

"Kaka," alisema, "hesabu hii ina kasoro. Hukuandika zile mia nne nilizokulipia sokoni mwezi wa Agosti."

Ilikuwa kweli, nilikuwa nimesahau kabisa. Alicheka yeye kwanza, kisha mimi. Usiku ule nilifungua kompyuta, nikaandika 400 mbele ya jina lake, na upungufu ukawa shilingi 1,750.