Jua la Kulipia

Nimetoka kwa daktari wa macho hapa Liège, Ubelgiji, na hasira haijaniisha. Miadi tuliingoja kwa miezi. Siku ilipofika, mwanangu wa miaka minane akaegemeza kidevu kwenye mashine, akaonyeshwa puto la rangi mwishoni mwa barabara, mara linafifia, mara linakaa sawa. Akatiwa matone ya kupanua mboni, akashinda akilalamika kwamba mwanga unamchoma. Akavalishwa fremu nzito ya chuma, vioo vikachomekwa na kuchomolewa. Jibu: mtoto haoni mbali. Jicho limerefuka kupita kiasi, taswira inaangukia mbele ya retina badala ya juu yake. Avae miwani.

Sawa. Halafu daktari akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetoa dawa mpya: acheze nje kwa saa mbili kila siku.

Nje! Mama yangu kule Pweto, Kongo, alitufukuza nyumbani kila asubuhi, tukarudi na giza tukinuka samaki wa Ziwa Mweru, na hakumtoza mtu hata faranga. Hapa natoa euro niambiwe mtoto aone jua, tena Novemba, katika nchi ambayo jua lenyewe huja kwa nadra kama mkwe.

Bahati mbaya daktari yuko sahihi. Taiwan, tangu mwaka 2010, shule zinahimizwa kuwatoa watoto nje dakika 120 kwa siku, kwa sababu miji ya Asia ya Mashariki imejaa vijana waliomaliza shule bila kuona mbali. Watafiti wamelinganisha watoto wa Kichina wa Sydney na wenzao wa Singapore: wa Sydney, wanaocheza nje zaidi, wana tatizo hilo kwa uchache sana. Mwanga wa nje huchelewesha jicho kurefuka. Likizidi kukimbia, kuna matone hafifu ya atropini ya usiku na vioo maalumu vya kulipunguzia mwendo.

Basi ningejipiga kifua kwa ajili ya Pweto, kama si binamu yangu.

Binamu alilelewa juani kama sisi sote, na bado hakuona mbali. Jua hupunguza hatari, haliifuti. Kwa kuwa alikuwa mrefu, mwalimu alimkalisha nyuma. Akawa ananakili kwa jirani. Jirani akikosea hesabu, naye anakosea vilevile, fimbo inamshukia kwa wizi. Mtoto huyohuyo alishona wavu bila kukosa tundu hata moja, sindano karibu na pua. Tukasema ana akili ya mikono tu. Desemba 2000, Pweto ilipoanguka vitani na watu wakakimbilia Zambia, alitembea ameshika shati langu, tukamwita mwoga. Hakuna aliyefikiria macho.

Alipokua akaendesha taksi ya pikipiki. Wateja wanapunga mkono, yeye anapita! Kijiwe kizima kikasema ana majivuno. Mpaka alipofika Lubumbashi, akapimwa kwenye kliniki ya macho ya Sainte Yvonne, ndipo akapata miwani, wakati shule ameshaiacha zamani.

Huku Liège, aliyegundua tatizo la mwanangu hakuwa mimi wala daktari. Wahudumu wa afya ya shule walipima darasa zima, karatasi ikaja nyumbani kwenye begi. Basi.

Mdogo wangu aliponipigia kutoka Pweto, habari ikamtisha: “Yaya, miaka nane na miwani? Zitamumaliza macho.” Nimechoka na wimbo huo. Malaysia walijaribu kuwapa watoto miwani hafifu kuliko wanayohitaji, wakidhani hilo litachelewesha tatizo; matokeo yaliyotoka 2002 yakaonyesha macho yao yaliharibika haraka zaidi.

Na wazee msijisifu. Mjomba anayetangaza kwamba ameanza tena kusoma Biblia bila miwani, huku ng’ambo ya barabara haoni mtu, huenda ugonjwa wa mtoto wa jicho umemwingia. Sukari ikipanda nayo huyumbisha macho. Na mwenye miwani mizito akiona vimulimuli au madoa meusi ya ghafla, asingoje kesho: retina inaweza kuwa inabanduka.

Walimu wa Pweto, hili halihitaji mashine ya puto. Andikeni herufi kubwa ukutani, mtoto asimame hatua za kutosha, afunike jicho moja asome, kisha jingine. Anayefinya macho, anayesogelea ubao, anayenakili kwa jirani, mwiteni mzazi wake, na mzazi atafute namna ya kumfikisha kwa daktari. Fimbo iwekeni kando mpaka apimwe.