Jina la mtoto wako

Tanga

Kwako mpenzi Rehema,

Nimefurahi kusikia una ujauzito. Umesema mumeo anataka jina la Kiigbo, nawe, kwa kuwa mnaishi Uingereza, unataka la Kiingereza, jepesi, lisilowashinda walimu. Umeniuliza niko upande wa nani.

Jina la ukoo msiligombanie, kwani halisemi tena habari za mwenye jina. Waigbo, watu wa mumeo, wana siku nne za soko: Eke, Orie, Afọ na Nkwọ. Mvulana wa siku ya Eke aliitwa Okeke, wa Orie Okorie, wa Afọ Okafor, wa Nkwọ Okonkwo, kama sisi tunavyomwita Juma aliyezaliwa Ijumaa. Zilipokuja shule za wamisheni na ofisi za wakoloni, jina la baba au babu likageuzwa la ukoo, na ndiyo maana leo Okafor anaweza kuwa binti wa siku yoyote. Waingereza yaliwapata hayo karne nyingi kabla: Smith alikuwa mhunzi, Johnson mwana wa John. Leo akina Smith wengi hawajui kushika nyundo, na hakuna anayewauliza.

Jina la kwanza ndilo lenye uzito. Waigbo humpa mtoto sentensi nzima. Nnamdi, baba yangu yu hai, hupewa mvulana aliyezaliwa babu akiwa amefariki. Nneka, mama ni mkuu. Ozoemena, lisitokee tena, hutoka kwenye nyumba iliyopatwa na msiba. Waingereza nao walikuwa hivyo: katika karne ya 17 Wapuritani, Wakristo wa msimamo mkali, walikuwa na mtu aitwaye Praise-God, Msifu Mungu, na bunge la mwaka 1653 likaitwa kwa jina lake la ukoo, Barebone. Siku hizi Waingereza wengi huchagua jina kwa kupenda mlio wake, au kumkumbuka bibi.

Kuhusu ugumu, ondoa shaka. Mwandishi Chinua Achebe alibatizwa Albert, jina la mume wa Malkia Victoria. Akaliacha, akabaki na Chinualumogu, Mungu anipiganie, akalifupisha mwenyewe. Dunia nzima imelizoea.

Kwa hiyo niko upande wa mumeo, ila kwa sharti moja: usikubali jina usilojua linasema nini. Kwa desturi yao mtoto hupewa jina siku ya nane au ya kumi na mbili, na jamaa wengine nao huruhusiwa kutoa majina yao. Nawe toa lako. Ngozi kwao ni baraka, lakini ukilichagua hilo, jua wenzio wa huku watacheka.

Mpigie mama mkwe mapema, uzungumze naye mwenyewe. Sheria ya Uingereza inawapa siku 42 za kuandikisha mtoto, kwa hiyo nafasi ya kuwasikiliza wazee ipo. Msikimbilie kujaza fomu.

Shangazi yako akupendaye