Kila Alhamisi Usiku Jamaa Alijifungia Garini, Mkewe Akajua Kuna Mpango wa Kando

Kwenye ploti moja mtaa wa Umoja, Nairobi, stori ilikuwa imeshaiva. Jamaa anayeendesha teksi ya mtandaoni hurudi kila Alhamisi saa mbili usiku, anaegesha nje ya geti, lakini hashuki. Vioo juu, taa zimezimwa, simu sikioni. Dakika hamsini nzima. Akipanda ngazi macho ni mekundu, na simu ina namba ya siri mpya. Mama mboga alikuwa na jibu lake, na mke wa jamaa akaanza kuliamini.

Ni kweli kwenye ile simu kulikuwa na mwanamke. Ni mshauri nasaha mwenye leseni, anaishi Nakuru, na hawajawahi kuonana ana kwa ana.

Turudi nyuma kidogo. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane, na majirani walishaanza kumwita jamaa "Baba Kadogo". Mtoto akazaliwa akiwa amefariki. Watu wakaja kumpa mama pole, kama inavyofaa. Baba aliambiwa tu, "Jikaze, wewe ndiye mwanamume." Akajikaza. Siku ya nne alikuwa barabarani anabeba abiria. Lile jina la Baba Kadogo nalo likapotea kimya kimya, akarudi kuitwa "jirani". Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, ila hilo ndilo lilimuuma kuliko yote.

Msaada wa kwanza aliupata kwa mtu mmoja maarufu mtandaoni, mwenye wafuasi kibao. Alimtoza shilingi 4,000, akamtumia sauti tatu za kumwambia awaze mema. Basi. Binamu yake ndiye aliyemfungua macho: Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014, na kuna bodi inayowasajili. "Uliza namba ya leseni, halafu uihakikishe kwa bodi." Huyu wa Nakuru aliitoa bila kununa. Hata bei akashusha hadi 1,500 alipoambiwa ukweli kuhusu kipato.

Kikao cha kwanza jamaa alingoja ushauri, hakuupata. Aliulizwa maswali, akaelezwa kwamba atakayosema ni siri, isipokuwa maisha yakiwa hatarini. Kila kikao kilianza na, "Leo uko wapi?" Alitakiwa kutaja mahali hasa, maana mtu akizidiwa upande wa pili wa simu, lazima ajulikane alipo. Pia alitakiwa kutoa namba ya mtu wa karibu. Akatoa ya mke, kwa sababu namba nyingine aliyoijua kwa kichwa ni ya fundi wa gari.

Wiki sita alizungumzia mafuta, kamisheni na landilodi. Jambo lenyewe alilificha: kuna usiku alitamani asiamke. Alikuwa amesikia kwamba mambo hayo yanaweza kukupeleka jela. Ukweli ni kwamba kosa lilikuwa kujaribu kujiua, chini ya kifungu cha 226, na Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kusema unavyojisikia hakujawahi kuwa kosa. Lakini hofu haisomi hukumu za mahakama.

Wiki ya saba akasema. Sekunde chache baadaye simu ikazima, chaji imeisha.

Ghorofani, simu ya mke ikaita. Sauti ya kike, namba ngeni.

"Samahani dada, namtafuta mume wako."

"Wewe ni nani kwake?"

"Mimi ni mshauri nasaha wake. Naomba umwangalie kwenye gari sasa hivi, usikate simu."

Alishuka na kanga na ndala, hasira yote imegeuka baridi. Akamkuta ameegemea usukani analia. Mshauri hakumwambia mke alichosikia; aliomba tu kuongea na jamaa kwa simu hiyo hiyo, akamuuliza moja kwa moja kama usiku huo yuko salama, wakapanga ni nani atakuwa naye na waende hospitali gani mambo yakizidi. Mengine jamaa alimwambia mkewe mwenyewe, mle mle garini, mpaka mlinzi akaja kugonga kioo.

"Mimi nilidhani umemsahau," mke alisema.

Alitaka kujiunga na vikao vyote. Mshauri akakataa, Alhamisi ni za jamaa. Lakini baada ya kumuuliza na yeye kukubali, sasa ya mwisho wa mwezi ni ya wote wawili.

Mama mboga bado anauliza. Juzi alimshika mke pembeni, eti je, anamjua yule mwanamke wa Alhamisi?

"Namjua," akajibu huku akichagua nyanya. "Mwezi huu mimi ndiye nimemlipa."