Nilipumua Tena Karura

Kama unasoma haya usiku kwa sababu usingizi umekukataa, nakuandikia wewe. Nimepita hapo ulipo.

Mume wangu alifariki ghafla, majira ya masika. Tulimzika kwao Murang'a. Mwanzoni nyumba ilijaa watu: kina mama wa kanisa, mashemeji, majirani. Walipika, wakaimba, wakatuombea. Kisha kila mmoja akashika njia yake, nami nikarudi Nairobi na watoto, kwenye nyumba ya ghorofani ambayo dirisha lake hutazama ukuta wa jirani.

Hapo ndipo hofu iliponipata. Moyo ulikwenda mbio nikiwa nimekaa tu. Chakula hakikushuka. Presha ikapanda. Nikaacha kutoka, hata dukani nikawa namtuma mtoto. Na usiku, jamani, usiku.

Kuna usiku nilikaa sakafuni, jikoni. Taa nimezima. Niliomba. Maneno yakaniishia. Nikawaza kwamba watoto wangepata nafuu bila mimi. Niliwaza hivyo. Mimi, mama yao. Mlango ukafunguka. Kifungua mimba wangu akaingia, akakaa kando yangu. Hakusema kitu. Akashika upindo wa leso yangu. Tulikaa hivyo mpaka kukapambazuka. Mungu ndiye aliyemwamsha, sina shaka.

Asubuhi nikampigia dada yangu mkubwa. Alikuja mbio, akanipeleka hospitali. Daktari alisema ni unyogovu, maradhi yanayotibika. Akanipa dawa, akanipangia mshauri, akaniagiza nitembee kila asubuhi penye jua na miti. Mwanga wa asubuhi, alisema, huusaidia mwili kujua saa ya kulala, na kutembea hushusha presha.

Dada akachagua msitu wa Karura. Mara ya kwanza sikufika popote. Tulipita lango, nikaiona njia inavyopotelea mitini, miguu ikagoma. Tukakaa. Dada hakunihimiza. Alinisimulia tu jinsi msitu huu, zaidi ya hekta 1,000 ndani ya jiji, ulivyokaribia kuliwa na wanyakuzi wa ardhi, na jinsi mtetezi wa mazingira Wangari Maathai alivyokuja na wenzake Januari 1999 kupanda miti, wakashambuliwa, akajeruhiwa kichwani. Mwanamke alimwaga damu ili miti hii isimame. Nikalia. Tangu mazishi nilikuwa sijalia.

Tulirudi, tukarudi tena. Nikazoea kima wanaoruka juu ya njia, mianzi, harufu ya majani yaliyonyeshewa. Siku moja nikajikuta chini kabisa, kwenye maporomoko ya Mto Karura, na sikuwa nimeusikiliza moyo wangu hata mara moja. Usiku ule nililala mpaka watoto wakaniamsha wakitaka chai. Asante Mungu!

Dawa nilimeza mpaka daktari mwenyewe alipozipunguza. Tafadhali, usiache zako kwa sababu ya maneno yangu. Na bado naogopa. Julai, mawingu yakikaa kutwa na baridi ikiingia mifupani, ule mpapatiko hunijia. Humpigia dada huku navaa viatu.

Huenda uko mbali na Karura. Hata mwembe mmoja uani unatosha kuanzia. Ukikosa nguvu za kutoka, mwombe ndugu yako akushike mkono mpaka nje. Na kama huna wa kumwomba, nenda zahanati iliyo karibu, uwaambie hivi hivi: silali, naogopa, nisaidieni.