Unga wa Zambarau wa Bibi

Likizo iliyopita nilimkuta Bibi akikoroga unga wa mbegu za zambarau kwenye uji. Ana kisukari. Vidonge vya metformini alikuwa ameviacha wiki tatu. "Vile ni kemikali, mjukuu wangu. Hii ni mti."

Nasomea ualimu wa Baiolojia na Kemia, kwa hiyo nikajiona mimi ndo wa kumsahihisha. Kumbe metformini nayo asili yake ni mmea, galega, uliotumika Ulaya tangu zamani. Galegini iliyomo ilishusha sukari kweli, ila ina sumu. Wanakemia wakatafuta ndugu zake; metformini yenyewe ilikuwa imeshatengenezwa tangu 1922. Daktari Mfaransa Jean Sterne alipotoa matokeo ya wagonjwa wake, ilikuwa 1957. Miaka 35!

Hata mbegu za zambarau zimejaribiwa. Panya huchomwa sindano ya aloksani, inayoua seli za kongosho zinazotengeneza insulini, kisha hunyweshwa dawa iliyokamuliwa kwenye mbegu. Sukari ikishuka, mitandaoni watu wanashangilia, wakati kazi ndo kwanza inaanza: mtu apewe kiasi gani? Ini na figo je? Bibi anapima kwa kijiko cha chai, siku nyingine cha mboga.

Sikumwambia zambarau ni uongo. Nilimwomba tu twende zahanati tukapime. Ikasoma 17.8.

Njiani hakusema kitu. Tulipofika nyumbani akauliza, "Vile vidonge, havijaisha muda wake?"