Kiwimbi Juu ya Herufi

Kikamba kina irabu saba, na alfabeti ya Kilatini ina herufi tano tu za irabu. Kwa hiyo i na u huvikwa kiwimbi ili zitoe sauti mbili zilizosalia. Mwenyeji wa Kitui au Makueni huandika mtu kuwa mũndũ, na mti kuwa mũtĩ.

Mwaka mmoja niliwaagiza wanafunzi wangu wakusanye maneno kwa wazee wao wakati wa likizo. Binti mmoja aliyaandika yake katika kompyuta ya mjomba wake. Nikaiamuru mashine yangu initafutie mũndũ. Ikajibu kuwa halimo. Mũtĩ nalo halimo. Nikamkemea mbele ya wenziwe kwa uvivu. Hakubisha, aliweka kidole juu ya kioo, akasema polepole, "Mwalimu, si hili hapa?" Naam, lilikuwapo!

Kompyuta haijui maumbo, bali namba. Katika mfumo wa Unicode, ũ yaweza kuwa namba moja, 0169. Ama namba mbili, 0075 ya u, ikifuatwa na 0303 ya kiwimbi peke yake. Jicho huona kitu kimoja, mashine huona viwili.

Watungaji wa lugha za kompyuta walikwisha kupambana na jambo hili. Katika mashine za Denmark, herufi za Kidenmark zilikalia nafasi za mabano. Basi kanuni ya lugha ya C ya mwaka 1989 iliruhusu alama tisa ziandikwe kwa alama tatu tatu, zikianza na viulizo viwili. Kiwimbi chenyewe kikawa??-. Lakini dawa ikazaa ugonjwa: aliyeandika viulizo hivyo kwa mshangao tu aliweza kukuta maneno yake yamegeuzwa. Lugha ya C++ ikaziondoa katika kanuni yake ya mwaka 2017. Python 3 nayo huyasawazisha majina yaliyomo katika programu kabla ya kuyalinganisha.

Nami nikalisawazisha faili la binti yule; maneno yote yakaonekana. Kesho yake nilimwomba radhi mbele ya wale wale walionisikia nikimkemea. Msomaji, mashine ikikuambia kuwa kitu hakipo, mwulize kwanza aliyekileta, kisha ukitazame kwa macho yako mwenyewe. Mimi nilihukumu kabla ya kutazama.