Gari dogo lililotoka Hiroshima

Hivi karibuni tulizungumza na vijana katika kipindi chetu juu ya magari ya Japani. Mama mmoja aliyehama kijiji chake kwa sababu ya vita akatutumia ujumbe: sisi tunalala chini ya shitingi, na ninyi mnatupigia habari za magari ya starehe? Swali lake ni la haki. Nitamjibu kwa gari moja tu, Mazda MX-5, kwa sababu historia ya gari hili inatugusa sisi Wakongomani kuliko wengi wanavyofikiri.

Tuanze na gari lenyewe. MX-5 lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Chicago, mwezi wa 2 mwaka 1989. Lina viti viwili tu, halifiki mita 4 kwa urefu, na paa lake ni la kitambaa. Dereva analirudisha nyuma kwa mkono, bila kushuka. Boneti ni ndefu kidogo, mkia ni mfupi, na mwili wake hauna pembe kali, kama jiwe lililosuguliwa na maji ya mto. Taa za mbele za modeli ile ya kwanza zilikuwa zinalala ndani ya boneti mchana, kisha usiku zinainuka kama macho ya mtu aliyeamka.

Ukisikia «gari la mbio» utafikiri nguvu nyingi. Hapana. Moteri yake ya kwanza ilikuwa ya lita 1.6, silinda 4, nguvu za farasi kama 115. Kutoka kusimama mpaka kilomita 100 kwa saa ilihitaji karibu sekunde 9. Leo kuna magari ya kupeleka watoto shuleni yanayoweza kulipita. Siri yake iko kwenye uzito. Gari zima halikufika kilo 1,000. Mafundi walipunguza gramu kwa gramu, hata boneti wakaitengeneza kwa aluminiamu. Moteri iko mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na uzito umegawanywa karibu nusu kwa nusu kati ya mbele na nyuma.

Wamotari wetu wataelewa haraka kwa nini hilo ni muhimu. Pikipiki iliyobebeshwa magunia nyuma inakuwa nyepesi mbele, na kwenye kona inakataa kukutii. Ukigawa mzigo vizuri, pikipiki ile ile inakwenda unapotaka. Toshihiko Hirai, injinia mkuu wa MX-5, na wenzake walikuwa na msemo wa Kijapani kwa jambo hilo: jinba ittai, yaani farasi na mpandaji wake ni mwili mmoja.

Mimi nimewahi kukaa ndani ya gari hilo mara moja, katika garaji mjini Kampala, nilipokuwa huko kwa mafunzo. Lilikuwa la zamani, rangi nyekundu imepauka. Unapoingia unashuka, kana kwamba unaketi chini kwenye mkeka. Na kweli, kitambaa cha viti vya kwanza kilichorwa kwa kufuata mikeka ya nyumba za Kijapani. Mbele yako kuna volani, saa chache za mviringo, na fimbo fupi ya vitesi ambayo mkono unaikuta bila kuitafuta. Pambo ni kidogo sana. Fundi aliniambia nikanyage klachi na kubadilisha vitesi gari likiwa limezimwa. Fimbo ilisogea kidogo tu na kuingia mahali pake. Nilikaa mle dakika kumi hivi, gari limesimama, na bado sikutaka kushuka.

Modeli ya sasa, ambayo ni kizazi cha nne, ilianza kuuzwa mwaka 2015. Ile ya lita 2.0 ilifikishwa nguvu za farasi zaidi ya 180 kuanzia mwaka 2018, lakini uzito umebaki kidogo tu juu ya kilo 1,000. Ndani, rangi ya mwili wa gari inaendelea mpaka juu ya milango, mbele ya macho ya dereva. Kwenye baadhi ya magari hayo wameweka spika ndani ya sehemu ya kuegemeza kichwa, ili paa likiwa wazi mtu aendelee kusikia muziki na redio. Sanduku la nyuma ni la lita 130, dogo kiasi kwamba mama wa sokoni angelicheka.

Sasa nije kwenye historia niliyoahidi. Kampuni ya Mazda ni ya Hiroshima. Zamani iliitwa Toyo Kogyo. Tarehe 6 mwezi wa 8 mwaka 1945, bomu la atomiki lilipoangushwa juu ya mji ule, kiwanda kilisalia kwa sababu kilikuwa mbali na katikati ya mji, nyuma ya kilima cha Hijiyama. Mji wenyewe uliteketea. Ofisi za serikali ya mkoa, zilizokuwa hazina tena pa kufanyia kazi, zilihamia ndani ya kiwanda kile. Redio ya Hiroshima pia ilipata hifadhi humo. Kama mtu wa redio, ninaifikiria mara nyingi kazi ile: waandishi wanasoma habari ndani ya kiwanda cha magari, kwa watu waliopoteza nyumba na jamaa.

Na uraniamu ya bomu lile? Sehemu kubwa ilichimbwa hapa kwetu, Shinkolobwe, katika Katanga. Jasho la wachimbaji wa Kongo liliingia katika msiba wa Hiroshima bila wao kuulizwa wala kuambiwa.

Mwezi wa 12 mwaka ule ule, kiwanda kilianza tena kutengeneza magari ya mizigo ya magurudumu matatu. Kijana mmoja aliyeitwa Kenichi Yamamoto, aliyerudi kutoka vitani, alipata kazi pale ya kuunganisha vipuri. Alipanda mpaka akawa rais wa kampuni. Mwaka 1979, alipokuwa mkuu wa utafiti, mwandishi wa habari wa Marekani, Bob Hall, alimwambia kwamba dunia imekosa gari jepesi, la paa wazi na la bei ya kadiri. Miaka kumi baadaye MX-5 likatoka. Mwezi wa 4 mwaka 2016 lilitengenezwa la milioni moja.

Mama yangu uliyetuandikia, sikuambii kwamba gari hili litakufaa. Kwenye mawe ya volkano ya Goma lingepasua tumbo kabla ya kufika sokoni. Watu wa Hiroshima wenyewe walianza na gari la kubeba mizigo, na kati yake na gari la furaha ilipita miaka 44. Unga, maji na paa ndivyo vinavyotangulia. Hilo ninalikubali nawe.

Ila ninakuomba uangalie jambo moja. Katika orodha za mahitaji ya waliohama ninazosoma redioni, ninakuta maharage, sabuni, shitingi na sufuria. Mara chache sana ninakuta vifaa vya ufundi. Na katika kambi nilizotembelea, nimeona watoto wakiendesha magari ya waya waliyoyaunda wenyewe, magurudumu yamekatwa kwenye kandambili, volani ya fimbo ndefu inageuza kabisa magurudumu ya mbele. Mtoto anayeweza kufanya hivyo kwa waya uliookotwa anahitaji spana, na fundi wa kumwonyesha. Wenye garaji mnaonisoma, mlangoni kwenu kuna vijana kama hao. Mpokeeni mmoja, hata kwa siku mbili katika wiki. Na watakaokuja kuandika mahitaji yetu, mama, waambie waongeze sanduku la vifaa chini ya unga.